Mama Alikuwa Wapi?

Ikisikika kwamba mtoto kanywa mafuta ya taa, au kala dawa ya panya, akafa, swali la kwanza huwa lile lile: mama alikuwa wapi? Huulizwa msibani kwa sauti ya chini. Huulizwa wodini mbele ya mwenye mtoto. Huandikwa mitandaoni na watu wasiomjua mama huyo wala siku yake ilivyoanza. Baba haulizwi sana. Aliyetengeneza sumu hiyo na kuifungasha ndani ya kitu kinachochanika kwa meno ya mtoto haulizwi kabisa.

Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu lina hoja ndani yake na wanaoliuliza si watu wabaya. Wengi wao wana watoto. Lawama huwatuliza: kama yule alikosea, basi mimi nisipokosea, wangu atapona.

Hoja yenyewe ni hii. Chupa haitembei. Kila sumu iliyomfikia mtoto ilipita mikononi mwa mtu mzima: yupo aliyeinunua, yupo aliyeimimina kwenye chombo kingine, yupo aliyeiacha wazi akaenda kufungua mlango. Wanaoshughulika na ajali hizi wanajua kwamba nyingi hutokea kitu kikiwa kinatumika, si kikiwa kabatini. Sakafu inapigwa deki na dawa ya kusafishia iko wazi pembeni. Bibi kameza kidonge cha presha na kopo bado liko kitandani. Hakuna sheria ya serikali itakayoingia chumbani humo kufunga kopo. Anayeweza ni aliyemo ndani.

Mwaka 1984 mchumi wa Kimarekani W. Kip Viscusi aliipa hoja hii makali zaidi. Alidai kwamba vifuniko vya usalama, vile ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi, huwalegeza wazazi: mtu akiamini kifuniko kinatosha, haoni tena haja ya kuweka dawa mahali pa juu, na kikimsumbua kufungua, anakiacha wazi moja kwa moja. Watu wa afya hawakumpenda kwa maneno hayo, lakini mwenye vidole vyenye baridi yabisi anajua kwamba alichosema si uzushi. Isitoshe, kifuniko cha usalama hakijawahi kuahidi kumzuia kila mtoto. Kipimo kinachotumika Marekani huwachukua watoto wa kati ya miezi 42 na 51, huwaweka wawili wawili, huwapa chombo na huwaambia kwamba wakitaka wanaweza hata kutumia meno. Chombo hufaulu iwapo asilimia 85 yao wameshindwa kukifungua katika dakika 5 za mwanzo, na asilimia 80 bado wameshindwa baada ya kuonyeshwa jinsi kinavyofunguliwa na kupewa dakika 5 nyingine. Maana yake chombo kilichofaulu mtihani kinaweza kufunguliwa na mtoto 1 kati ya 5. Huyo anahitaji jicho la mtu.

Kwa hiyo siwezi kusema mlezi hana sehemu yake. Ninachokikataa ni mazoea ya kuifanya sehemu hiyo kuwa hadithi nzima. Tena ndani ya mazoea hayo kuna mkanganyiko tusiouona. Watu wale wale wanaomuuliza mama alikuwa wapi hugeuka baadaye wakamfariji kwa kusema ajali haina kinga. Kama haina kinga, analaumiwa kwa lipi? Na kama inayo, mbona hatuulizi ni ipi, na iko mikononi mwa nani? Kauli hizi mbili hupingana, lakini huishia mahali pamoja: kaburi linafukiwa, watu wanatawanyika, na bidhaa ile ile inaendelea kuuzwa ikiwa vile vile.

Mtoto wa mwaka na nusu huijua dunia kwa mdomo. Hilo si utundu, ndivyo akili yake inavyokua. Hajui harufu mbaya kuwa ni onyo, na kimiminika kisicho na rangi kwake ni maji. Mwili wake una kilo 10 au zaidi kidogo, hivyo kiasi ambacho kingemchafua mtu mzima tumbo tu kinaweza kumuua yeye. Mafuta ya taa hayahitaji hata kufika tumboni ili yaue: akipaliwa, kiasi kidogo kikiteleza kuingia mapafuni, mapafu huungua na kuvimba, na ndiyo maana anayemlazimisha mtoto huyo kutapika humzidishia hatari. Haya yote huchukua sekunde chache. Mtoto wa umri huo huwa macho saa 11 au 12 kwa siku, na anayemwangalia anapika, anafua, ananyonyesha mdogo wake, na siku nyingine anaumwa. Tukisema usalama wa mtoto ni kutotazama pembeni kamwe, tumetaka jambo ambalo hakuna binadamu amewahi kulifanya, kisha tunamhukumu mmoja mmoja kwa kushindwa.

Kuna takwimu moja ambayo nimeirudia mara nyingi, nayo inahusu vidonge vya kuongeza damu.

Vidonge vya madini ya chuma hupewa wajawazito. Huvikwa ganda tamu, mara nyingi lenye rangi ya kuvutia, ili mama asichukie kuvimeza. Sasa fikiria nyumba vinamoingia. Mjamzito mara nyingi ana mtoto mwingine wa miaka 1 au 2. Yeye mwenyewe amechoka, anasinzia mchana, anainama kwa tabu. Yaani kliniki inampeleka sumu inayofanana na peremende kwenye nyumba yenye mtoto wa umri wa kula kila kitu, wakati mlezi wake ana nguvu kidogo kuliko wakati wowote. Nchini Marekani, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, madini ya chuma yalikuwa yamekuwa chanzo kikuu cha vifo vya sumu kwa watoto wadogo. Na vikopo vyake vingi vilikuwa na vifuniko vya usalama.

Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliagiza kwamba vidonge vyenye miligramu 30 au zaidi za chuma visiuzwe tena vikiwa vimejazwa pamoja ndani ya kopo. Kila kidonge kiwe kwenye kijimfuko chake, kitolewe kimoja kimoja kwa kusukumwa. Watafiti walipokuja kuhesabu, walikuta watoto 29 waliokufa kwa vidonge hivyo katika miaka 10 ya kabla ya kanuni. Katika miaka 5 iliyofuata alikufa 1.

Nimejaribu kuipinga takwimu hii mwenyewe. Kwanza, miaka 10 na miaka 5 haviwekwi mizani moja. Tugawe basi kwa nusu, na bado ni watoto 14 au 15 dhidi ya 1. Pili, kanuni ile ile iliagiza pia maandishi ya onyo yachapishwe kwenye kifungashio, kwa hiyo mtu anaweza kudai ni onyo lililofanya kazi. Lakini hatari ya vidonge hivi ilikuwa imeshatangazwa kwa miaka mingi, na watoto walikuwa bado wanakufa. Kilichokuwa kipya mwaka 1997 ni zile sekunde. Mtoto aliyekuwa anamimina kiganjani vidonge 20 kwa mara moja sasa alilazimika kuhangaika na kila kimoja, na mtoto wa miaka 2 huchoka upesi, huacha, huenda kwenye kitu kingine, au mtu hutokea. Mama wa mwaka 1998 hakuwa makini kuliko mama wa mwaka 1996. Alikuwa amechoka vile vile, naye alisinzia mchana vile vile.

Kilichofuata kinanisumbua zaidi ya takwimu yenyewe. Mwaka 2003 sharti hilo la kijimfuko liliondolewa baada ya mahakama ya rufaa kusema kwamba mamlaka ile haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuliweka. Mahakama haikusema kwamba halikufanya kazi. Mabishano yalikuwa juu ya nani ana haki ya kuagiza.

Vifuniko vya kawaida vya usalama, pamoja na kasoro aliyoitaja Viscusi, vina historia inayofanana na hii. Daktari wa watoto Henri Breault wa Windsor, Kanada, alichoka kupokea watoto waliomeza dawa za nyumbani, na mwaka 1967 kikapatikana kifuniko cha kukandamiza huku unazungusha, ambacho sasa kiko kila mahali duniani penye uwezo wa kukilipia. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1970. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba kwa dawa za kumeza zinazoandikwa na daktari, vifuniko hivyo vilipunguza vifo vya watoto chini ya miaka 5 kwa asilimia 45, sawa na watoto wapatao 460 kati ya 1974 na 1992. Hata kama wazazi wengine walilegea, hesabu ya mwisho ni hiyo. Afrika Kusini, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba familia zilipogawiwa vyombo vya mafuta ya taa ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi, ajali za kunywa mafuta zilipungua kwa karibu nusu. Familia zilikuwa zile zile, na umaskini wao haukuwa umepungua.

Lakini si kila kufuli hufanya kazi, na hapa sina budi kueleza jaribio ambalo lingeweza kutumiwa dhidi yangu. Huko Sri Lanka, watafiti waliyagawa makundi ya vijiji 180, zaidi ya kaya 53,000, kwa nasibu. Upande mmoja kila kaya ya mkulima ilipewa sanduku la kufungia kwa ufunguo viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu shambani. Upande mwingine haukupewa. Walifuatilia kwa miaka 3 ni watu wangapi wa miaka 14 na zaidi wangejidhuru kwa viuatilifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: hapakuwa na tofauti.

Anayetetea wajibu wa nyumbani anaweza kusema jaribio hili lilihusu vijana na watu wazima, si watoto wanaotambaa, naye atakuwa sahihi. Anayepinga kila hatua ya kinga anaweza kusema: mnaona, hata mkifunga, haisaidii. Mimi nalisoma hivi. Sanduku lilipelekwa nyumbani, na kuanzia siku hiyo usalama ukawa kazi ya nyumba: kufunga kila siku, kuficha ufunguo, kukumbuka wakati wa kilimo na wakati wa mavuno, miaka yote. Kijimfuko cha kidonge hakimdai mtu kukumbuka chochote. Kinakuja kimeshafungwa kutoka kiwandani. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aione, kwa sababu sera nyingi za kuzuia sumu zinazopendwa na serikali na wafadhili ni za aina ya sanduku: semina, mabango, vipeperushi vya kumwambia mama aweke dawa mbali na watoto. Ni nafuu, hazimkeri mfanyabiashara, na zikishindwa lawama inajulikana itaangukia wapi.

Na Sri Lanka hiyo hiyo ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 1995 iliondoa sokoni, kimoja baada ya kingine, viuatilifu vyenye sumu kali kuliko vyote. Mwaka huo watu wapatao 47 kati ya kila 100,000 walikuwa wakijiua, kiwango cha juu mno kidunia, na viuatilifu vikiwa njia kuu. Miaka 10 baadaye kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa nusu, na kufikia 2015 kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 70. Watafiti wamekadiria maisha yaliyookolewa katika miaka hiyo 20 kuwa 93,000. Watu hawakuacha kukata tamaa. Waliofikwa na saa ile mbaya walikuta karibu yao kitu ambacho hospitali iliweza kukishinda.

Nasema haya kwa sababu vijana ndio wanaosahaulika tunapozungumza juu ya watoto na sumu. Tukisikia mtoto, tunamwona wa miaka 2 mwenye chupa mkononi. Lakini vifo hupanda tena mtoto anapokaribia miaka 15 hadi 19, na hapo lawama hubadilika sura: sasa si mama tena, ni kijana mwenyewe. Mtoto akililia wembe mpe, husema wahenga, nao walikuwa wanazungumzia kitu kinachokata kidole, kidole kikapona, mtoto akajifunza. Sumu haimpi mtu nafasi ya kujifunza.

Tazama kilichotokea Marekani. Vijana wa miaka 14 hadi 18 waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya walikuwa 492 mwaka 2019, na 954 mwaka 2020, karibu mara 2 ndani ya mwaka mmoja. Ukiangalia idadi hiyo peke yake utadhani kizazi kizima kimeingia kwenye ulevi. Sivyo. Matumizi ya dawa hizo miongoni mwa vijana hayakuwa yameongezeka. Kilichobadilika ni kilichomo: fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko heroini kwa mara kadhaa, ilikuwa inatiwa ndani ya vidonge bandia vinavyofanana kabisa na vya hospitali. Kijana alifanya kosa ambalo vijana wa miaka 20 nyuma walilifanya wakaishi. Kosa lilibaki lile lile, adhabu yake ikawa kifo. Mihadhara ya maadili, hata ikiwa mizuri, haigusi kilichobadilika.

Kwa wanaojidhuru, hali ni ya kuhuzunisha zaidi. Wahudumu waliozungumza na walionusurika kwa viuatilifu huko Sri Lanka walikuta kwamba wengi walikuwa wamefikiria jambo hilo kwa chini ya nusu saa. Nusu saa baada ya ugomvi nyumbani, baada ya matokeo ya mtihani, baada ya aibu fulani. Wengi hawakujua hata ukali wa walichokishika. Walikishika kwa kuwa kilikuwa karibu. Uingereza ilipopunguza mwaka 1998 idadi ya vidonge vya parasetamoli vinavyouzwa kwa mara moja, vifo kwa dawa hiyo vilipungua kwa asilimia 43 katika miaka 11. Anayesema mtu aliyeamua ameamua hajatazama takwimu hizi. Kijana anayepitia saa kama hiyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza, na anahitaji pia kwamba kilicho karibu naye kisiwe kile kisichorudisha mtu.

Sasa upande wa mkulima na muuzaji, ambao huzungumziwa kana kwamba wanauza mauti kwa makusudi. Mkulima mdogo akipoteza zao lake kwa wadudu, watoto wake hawali. Panya huharibu nafaka na huleta maradhi. Kipakiti kidogo cha sumu kinachouzwa na machinga ndicho ambacho maskini anakimudu. Kopo lenye kifuniko cha usalama na lebo safi ni la mwenye fedha. Ukipiga marufuku bila kuleta mbadala, unamwacha na panya wake, au unamsukuma kwenye biashara ya gizani ambako hakuna hata jina la kilichomo. Na Sri Lanka, nchi niliyoisifu, ndiyo iliyotoa pia onyo: mwaka 2021 serikali ilizuia kwa ghafla uingizaji wa mbolea na viuatilifu vyote vya viwandani, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kabla ya mwaka kwisha uamuzi ukabatilishwa. Mtu akinitolea mfano huo, sina cha kumbishia. Ninachomwomba ni aone tofauti. Mara ya kwanza waliondoa vichache vilivyokuwa vinaua sana, taratibu, mkulima akibaki na vingine, na waliofuatilia mavuno hawakuona yakishuka kwa sababu hiyo. Mara ya pili walikata kila kitu kwa mpigo.

Hoja nyingine ya upande huo ni ngumu zaidi: sheria mara nyingi zipo, haziheshimiwi. Oktoba 2024 watoto 6 walikufa Naledi, Soweto, Afrika Kusini, na vipimo vilionyesha terbufosi, kiuatilifu cha mashambani. Hakikuruhusiwa kamwe kutumika majumbani, lakini kilikuwa kinauzwa mitaani kuulia panya. Je, marufuku zaidi ingesaidia nini? Jibu langu ni kwamba kilichopo shambani kihalali ndicho kinachovuja kuja mtaani, na machinga hawezi kuchota kutoka ghala tupu. Lakini nakiri kwamba panya wale walikuwepo kwa sababu taka hazikuwa zikizolewa, na hilo si kosa la kiuatilifu wala la mama.

Kiswahili chenyewe kinatuwekea mtego hapa. Tunaita dawa kile kinachomponya mtoto homa, na tunaita dawa kile kinachoua panya, mende, mbu na viwavi. Mtoto wa miaka 3 aliyeambiwa jana kunywa dawa upone anaona chupa leo, anasikia ni dawa, na hakuna neno linalomwambia kwamba hii ni nyingine. Lugha haiwezi kupigwa marufuku, lakini rangi ya kimiminika, umbo la chupa na picha juu yake vinaweza kuamriwa. Mwaka 1999 katika kijiji cha Tauccamarca, Peru, watoto 24 walikufa baada ya parathioni, kiuatilifu kikali, kuchanganyika na maziwa yao ya shuleni. Ilikuwa unga mweupe, ndani ya mifuko midogo ya plastiki, yenye picha za mboga na maandishi ya Kihispania kwenye eneo la wasemaji wa Kikechua. Mwaka 2013 jimboni Bihar, India, wanafunzi 23 walikufa kwa chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa yametiwa kwenye chombo cha kiuatilifu. Misiba hii miwili haikutokea nyumbani. Watoto walikuwa shuleni, mahali ambapo tunawaambia wazazi kwamba ni salama.

Na kuna vifo ambavyo swali letu linageuka kuwa ukatili. Mwaka 2022 watoto wasiopungua 66 walikufa Gambia, figo zao zikiwa zimesimama kufanya kazi. Walikuwa wamepewa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na diethilini glikoli, kemikali ya viwandani ya bei ndogo inayoingia mahali pa viyeyushio halali. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza zaidi ya watoto 200 kwa namna hiyo hiyo, na Uzbekistan makumi. Wazazi hao walifanya kila tunachowahubiria. Walinunua dawa, wakasoma kipimo, wakatumia kijiko sahihi, wakaiweka juu. Sumu ilikuwa ndani ya kile walichoambiwa ni tiba. Na kemikali hiyo si ngeni: iliua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937, wakiwemo watoto, na kifo hicho cha pamoja ndicho kilichozaa sheria ya mwaka 1938 ya kupima usalama wa dawa kabla hazijauzwa. Tangu hapo imerudi Nigeria, Bangladesh, Haiti na kwingineko, mara zote kwa mlango ule ule wa malighafi isiyopimwa. Kipimo chake kinajulikana. Anayepaswa kukifanya anajulikana.

Kwa nini basi jambo hili halionekani kama tatizo la afya ya umma, kama surua au malaria? Sehemu ya jibu iko kwenye namna tunavyohesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2004 watoto na vijana chini ya miaka 20 zaidi ya 45,000 walikufa kwa sumu, kwa kiwango kilichokuwa mara 4 zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kuliko katika nchi tajiri. Ni idadi kubwa, na bado hiyo ni ya ajali peke yake. Kijana aliyejiua kwa kiuatilifu hayumo. Yeye yuko kwenye faili la afya ya akili. Aliyemeza kidonge bandia yuko kwenye faili la dawa za kulevya, na huko polisi ndio wenye sauti. Waliokufa kwa dawa ya kikohozi ni suala la ubora wa dawa. Watoto zaidi ya 400 waliokufa Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 kwa madini ya risasi yaliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani wako kwenye faili la mazingira. Faili tano, ofisi tano, na kila ofisi ikifungua lake inaona msiba mdogo. Ukiyaweka mezani pamoja unaona kitu kimoja: kemikali inayoua, iliyowekwa mahali ambapo mtoto angeifikia, na uamuzi wa kuiweka hapo ulifanywa na mtu ambaye hamjui mtoto huyo.

Nikiambiwa nichague pa kuanzia, sitaanza na semina. Nitaanza na orodha fupi ya viuatilifu vikali kuliko vyote, viondolewe kwa awamu, mkulima akionyeshwa mbadala mapema. Nitafuatia na chombo cha mafuta ya taa, gharama ya kifuniko chake ikibebwa na muuzaji wa jumla na siyo na mnunuzi wa robo lita. Malighafi za dawa za maji zipimwe kabla ya kuchanganywa. Elimu kwa wazazi ije pia, kwa kuwa yule mtoto 1 kati ya 5 bado atakifungua kifuniko, ila ije ikiwa ya mwisho kwenye foleni.

Na iwepo namba ya simu. Kituo cha kwanza cha taarifa za sumu nchini Marekani kilianzishwa Chicago mwaka 1953. Leo chini ya nusu ya nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ndizo zenye kituo cha aina hiyo. Kwingine mama hukimbia na mtoto mgongoni, chupa isiyo na lebo mkononi, na njiani anawaza jinsi atakavyoeleza ilikuwaje akapata chupa hiyo. Akiogopa kuhukumiwa atachelewa, au atasema hajui mtoto kala nini, na daktari atapoteza saa aliyoihitaji. Anayepokea simu katika vituo hivyo amefundishwa maswali ya kuanza nayo: amekunywa nini, saa ngapi, ana kilo ngapi, anapumua vipi. Mama alikuwa wapi halimo kwenye orodha.